Tuma na ya Kutoa

Usiku wangu wa kwanza hosteli, Septemba 2015, simu ilitetemeka juu ya godoro ambalo bado lilikuwa na plastiki ya dukani. Nilidhani ni mama. Kumbe ni M-Pesa: nimepokea shilingi 530 kutoka kwa baba. Mia tano ya matumizi, thelathini ya kutoa. Hakupiga kabla ya kutuma, wala hakupiga baadaye. Mimi nami nikaandika, "Zimefika, asante," nikazima taa.

Kwetu ni upande wa Kaloleni. Kutoka huko hadi Kilifi mjini unapanda matatu, unapita Mavueni, unavuka daraja, na chini ya saa mbili ushafika. Rumi wangu alitoka Busia, mpakani na Uganda. Alikuwa amelala njiani, akafika na miguu iliyovimba na mfuko wa unga wa wimbi ambao mama yake alisisitiza aubebe, kana kwamba huku Pwani hatuli.

Ungeniuliza siku ile nani kati yetu atazoea chuo haraka, ningekwambia bila kufikiri: mimi. Bahari ni yetu, lugha ni yetu, mbaazi na mahamri za asubuhi ni zetu. Yeye hata neno "sima" lilimchekesha. Lakini mwaka wa kwanza ulipoisha, yeye alikuwa mwakilishi wa darasa. Mimi nilikuwa nimefeli yuniti nne, nimemaliza pesa za mkopo, na nilikuwa karibu kuipoteza nafasi yenyewe.

Nimelibeba swali hilo miaka mingi. Kwa nini aliyekuwa karibu na nyumbani ndiye aliyepotea? Kwa kuwa nilisomea historia, na mwishowe nikaimaliza kwa kuchelewa, nililitafuta jibu huko nyuma. Pwani hii imekuwa na watoto wanaosoma mbali na wazazi wao kwa zaidi ya miaka 150, na kila kizazi kimekuwa na namna yake ya kuushika uzi kati ya mzazi na mtoto. Au ya kuukata.

*

Tuanze Rabai, ambayo siku hizi iko ndani ya Kaunti ya Kilifi. Mwaka 1846 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianzisha misheni pale. Watalii hupelekwa kuiona nyumba yake. Mimi huvutiwa zaidi na watu waliofika pale mwaka 1864 kwa meli kutoka India: William Jones na Ishmael Semler. Majina ya Kizungu, lakini wenyewe walikuwa Waafrika.

Walikuwa wametekwa wakiwa watoto, wakauzwa, wakapakiwa majahazini. Manowari za Uingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa, na watoto wengi waliookolewa walipelekwa Bombay. Baadhi yao waliingizwa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Huko walifundishwa kusoma, useremala, uhunzi na dini. Kisha wakaambiwa: sasa rudini Afrika mkahubiri. Watu wakawaita "Waafrika wa Bombay".

Jaribu kuwaza ufresha wa namna hiyo. Unaingia shule katika nchi ambayo huijui, kwa lugha ambayo huijui, na hakuna mtu yeyote duniani wa kumwandikia barua. Huna hata uhakika kijiji chenu bado kipo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na sisi huitumia methali hiyo kama tusi. Lakini watoto wa Nasik hawakukataa kufunzwa na mama zao. Walinyang'anywa.

Waliishije? Nikisoma habari zao naona jambo moja likijirudia: walijitengenezea jamaa. Pale Rabai, Jones alikuwa zaidi ya mwalimu. Misheni ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani, mpaka mwaka 1888 ikabidi kampuni ya Waingereza, iliyokuwa imejipatia mamlaka hapa, ikubali kuwalipa wenye watumwa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliojificha katika misheni za Pwani. Mwaka 1885 Jones alisafiri na Askofu James Hannington kuelekea Uganda. Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki katika msafara kurudi Rabai. Mtu aliyekosa pa kurudi utotoni alikuwa sasa na mahali pa kurudisha wengine.

Sisemi hilo liliponya kila kitu. Kidonda cha kutekwa hakiponi kwa kupewa cheo cha mchungaji. Nasema tu kwamba, kwa mtu anayeanza maisha ugenini, swali la kwanza si kama ana wazazi. Swali ni kama yupo mtu au pahali ambapo anaweza kurudi akiwa ameharibikiwa, na asifukuzwe.

*

Sasa songa mbele hadi 1913, Giriamani. Kila mtoto wa Kilifi anakijua kisa cha Mekatilili wa Menza na kuku. Husimuliwa kwamba serikali ya kikoloni ilipokuja kudai vijana wa Kigiriama waende kazi, mama huyo alimleta kuku na vifaranga wake mkutanoni. Akamwambia mkoloni: chukua kifaranga kimoja. Mzungu akainama, na kuku akamdonoa. Mekatilili akasema, ukijaribu kuchukua watoto wetu ndivyo itakavyokuwa. Wengine humalizia kwa kusema mzungu alikasirika akampiga kuku risasi.

Hadithi hii nilifundishwa kama hadithi ya ushujaa, na ni kweli. Baadaye mama huyo alikamatwa, akapelekwa kizuizini magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi Pwani kwa miguu, mamia ya kilomita. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikawaka.

Lakini hadithi hiyo pia ni ya wazazi. Kwa Mgiriama wa kizazi kile, mtoto kuondoka nyumbani kwa mwito wa serikali kulimaanisha shamba la mzungu, au upagazi wa vita, na huenda asirudi. Shule nazo zilikuwa za misheni, yaani za watu wa ukoo huohuo wa wageni. Kwa hiyo mzazi aliyesitasita kumpeleka mtoto shule hakuwa mjinga kama vitabu vingine vinavyodokeza. Alikuwa kuku aliyeona mkono ukiinama.

Hofu hiyo haikufa 1914. Ilirithiwa. Hawe wangu, bibi mzaa baba, alipinga baba yangu kusoma zaidi kwa sababu moja tu aliyoirudia mpaka alipokufa: "Wanaoenda hawarudi jinsi walivyokwenda." Tulikuwa tukimcheka. Nilipofika chuo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akisema jambo la kweli kabisa, ila tu hakuna aliyemuuliza linalofuata: basi tufanyeje ili wakirudi tofauti, bado wawe wetu?

*

Kabla sijaondoka nyumbani, kulikuwa na kikao. Kama wewe ni wa Pwani unakijua kikao hicho. Ami zangu walikuja, mchungaji akaja, mwalimu mstaafu wa kijiji akaja. Mama akapika pilau. Nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki katikati kama bwana harusi, na kwa saa tatu nikahusiwa. Usisahau ulikotoka. Jihadhari na wasichana. Jihadhari na bangi. Jihadhari na siasa. Ng'ombe aliyeuzwa ni mmoja na hakuna mwingine. Nikajibu "ndiyo" mara nyingi kuliko nilivyowahi kujibu neno hilo maishani.

Utamaduni wa wosia ni wa zamani sana Pwani, na una heshima yake. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utenzi mzima wa mawaidha mwaka 1858, akiwa mgonjwa, miaka michache kabla ya kufa. Mpaka leo utenzi huo unasomwa. Lakini wosia, kwa asili yake, una mdomo mmoja. Mzazi husema, mtoto husikiza. Ni maneno ya mtu anayeondoka, au ya mtu anayemwacha mwenzake aondoke. Haukuundwa kwa ajili ya Jumanne ya wiki ya sita, pale unapokaa kitandani saa nane mchana umekosa kipindi cha tatu mfululizo na hujui kwa nini huwezi kuinuka.

Katika saa zile tatu, hakuna aliyeniuliza: unaogopa nini?

Nasi tulikuwa na watangulizi ambao wangeweza kutufundisha. Ronald Ngala alitoka kwetu huku, akasoma Kaloleni, akaenda Alliance kule Kikuyu, na miaka ya 1940 akafika Makerere kusomea ualimu. Chukua ramani uitazame safari hiyo. Hapakuwa na daraja la Kilifi wala la Nyali tunayoijua leo. Reli ilikuwa imefika Kampala mwaka 1931 tu. Kijana wa Pwani aliyekwenda Makerere alikaa garimoshini mchana na usiku, akishuhudia nchi ikibadilika dirishani, na akifika alikuwa mmoja kati ya wachache sana wa lugha yake. Aliporudi akawa mwalimu, kisha mwanasiasa, na mwaka 1960 kiongozi wa KADU.

Kizazi hicho kiliishi kwa barua. Barua ilikuwa ya polepole, na mara nyingi mzazi asiyejua kusoma alihitaji mtu wa kumsomea, kwa hiyo siri hazikuwa nyingi. Hata hivyo barua ilikuwa na sharti moja ambalo sisi tumelipoteza: ilikulazimisha useme kitu. Huwezi kutuma bahasha tupu. Hata ukiomba pesa, ilibidi uanze na salamu, ueleze hali ya afya yako, umuulize nyanya anaendeleaje, ndipo ufike kwenye shida. Na mzazi akijibu, naye ilibidi aseme.

Mwaka 1959 wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi kwenda Marekani katika ule mpango uliosukumwa na Tom Mboya, na mamia wengine wakafuata hadi mwanzo wa miaka ya 1960. Vijiji vilichanga nauli. Tunapenda kuwakumbuka kwa walichokuja kuwa. Mimi nikiwafikiria huwa nawaza baridi ya Novemba yao ya kwanza, na karatasi nyembamba za barua za ndege zikisafiri wiki nzima zikibeba maneno "mimi ni mzima".

*

Miaka hiyohiyo ya 1950, si mbali na mabweni ya Makerere, mwanamke mmoja alikuwa akitembelea nyumba za Waganda akiwatazama watoto wachanga. Mary Ainsworth alikuja Kampala mwaka 1954 kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi huko. Yeye hakuwa na kazi, akajitafutia. Kwa miezi kadhaa alizitembelea familia 26 zenye watoto 28, akiwa na mkalimani, akiandika jinsi mtoto anavyotambaa kumwacha mama yake, anavyogeuka kumtazama, na anavyorudi.

Alichokiona kilikuwa kinyume na tunavyodhania. Mtoto mwenye mama anayeitika haraka hakuwa mtoto wa kung'ang'ania. Huyo ndiye aliyethubutu kwenda mbali. Alitambaa hadi mlangoni, akachunguza kila kitu, kwa sababu alijua akilia yupo mtu. Mwenye kung'ang'ania alikuwa yule asiyekuwa na uhakika. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na pamoja na kazi ya Mwingereza John Bowlby kikawa msingi wa elimu nzima kuhusu mzazi na mtoto. Wavuvi wetu wa Takaungu na Malindi hawangehitaji kitabu kulielewa wazo hilo. Mwenye bandari ya uhakika ndiye anayethubutu kuvua bahari kuu.

Miaka ya 1980 watafiti huko Marekani walianza kulipeleka swali hilo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jibu lililojirudia ni hili: wanafunzi wanaowaona wazazi wao kama watu wa kukimbilia huelekea kuuzoea ugeni wa chuo kwa wepesi zaidi. Umbali wa kilomita hausemi mengi. Wingi wa pesa pia hausemi mengi. Kinachosema ni kama unaweza kumwambia.

Mwaka 1984 wasomi wawili, Richard Lazarus na Susan Folkman, waliandika kitabu kuhusu jinsi watu wanavyokabili shida, wakaweka njia hizo katika mafungu mawili makubwa. Kuna kuikabili shida yenyewe: kuuliza, kupanga, kutafuta msaada. Na kuna kuutuliza moyo: kulia, kuomba, kucheka, kujisahaulisha. Hakuna fungu lililo baya lenyewe. Shida isiyotatulika, kama msiba, inahitaji la pili. Hatari ni kutumia la pili kwa shida iliyohitaji la kwanza, yaani kukimbia jambo ambalo ungeweza kulimaliza kwa kubisha mlango mmoja.

Nami nilikimbia kwa kubeti.

*

Si unajua inavyoanza. Ilikuwa wikendi, mechi za Uingereza, watu wote wa korido wamejaa chumba kimoja chenye runinga. Niliweka shilingi 50, nikapata 1,300. Hiyo ndiyo ajali mbaya zaidi iliyowahi kunipata: kushinda mapema. Wakati huo nilikuwa nishaanza kuzama masomoni. Yuniti moja ya takwimu ilikuwa ikinishinda, na badala ya kumwendea mhadhiri niliacha kuhudhuria, kwa sababu ukiwa haupo hakuna anayeona kwamba huelewi. Kubeti kulinipa kitu cha kufikiria usiku ambacho hakikuwa takwimu.

Mkopo wa HELB ulipoingia, nilijiambia nitaweka elfu mbili tu. Baada ya wiki tatu zilikuwa zimekwisha zote, na karo ya semesta ilikuwa ndani yake.

Sikumwambia mtu. Kila baada ya siku chache simu ilitetemeka: 530, 320, mara moja 1,050. Kila mara na ya kutoa. Kila mara nikaandika, "Zimefika, asante."

Rumi wangu, kwa upande wake, alifeli jaribio lake la kwanza la takwimu vibaya kuliko mimi. Nilimsikia usiku huo akizungumza na mama yake Kiluhya na Kiswahili vikichanganyika, akimwambia alama alizopata, namba yenyewe, wazi. Kisha akacheka. Sijui mama alisema nini. Kesho yake akaenda kwa mhadhiri, akaunda kikundi cha watu watano, akanialika. Nikamwambia niko sawa.

Sikutaka kumfanya malaika. Kupigiwa simu kila jioni nako kulikuwa na mzigo wake, na kuna siku aliiacha ikaita huku akiitazama tu. Mzazi anaweza kukushika mpaka ukashindwa kupumua. Lakini yeye alikuwa amelijua jambo moja ambalo mimi sikulijua: kwao, habari mbaya ilikuwa ni habari tu. Kwetu habari mbaya ilikuwa kesi.

*

Hapa ndipo historia ya nchi inapoingia nyumbani kwetu.

Baba yangu aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha korosho cha Kilifi. Kiwanda hicho kilikuwa moyo wa uchumi wa wakulima wadogo wa kaunti nzima: korosho za Ganze, za Bahari, za Malindi zote zilielekea pale. Kiliporomoka miaka ya 1990. Mikorosho ikabaki, soko likapotea. Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa imeanza kuwashushia wazazi mzigo wa gharama za chuo kikuu uliokuwa ukibebwa zaidi na hazina ya taifa. Posho za wanafunzi zikakatwa, mikopo ikapangwa upya, na mwaka 1995 ikaundwa sheria iliyoanzisha HELB. Kwa maneno mengine, mzazi wa Kilifi aliambiwa alipe zaidi wakati uleule alipokuwa na kidogo zaidi. Baba akawa mgema. Karo yangu yote ya sekondari ilitoka juu ya minazi, asubuhi na jioni, huku amebeba kisu kiunoni.

Mtu anayepanda mti mara mbili kwa siku kwa ajili yako, unamwambiaje kwamba umezitupa?

Halafu likaja jambo ambalo nikilitazama kama mwanahistoria hunishangaza. Mwaka 2007, Machi, M-Pesa ilizinduliwa. Mwaka huohuo, Taasisi ya Kilimo ya Kilifi iligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho mwaka 2013 kilipewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Pwani. Yaani katika mwaka mmoja, chuo kilisogea karibu na watoto wetu, na pesa zikapata mabawa. Kwa mara ya kwanza tangu Jones na Semler washuke melini, mtoto wa Giriamani angeweza kusoma shahada bila kuondoka kaunti yake, na baba angeweza kumtumia pesa kwa sekunde.

Zote mbili zilikuwa baraka, na sibezi hata moja. Lakini sekunde ile ilikula barua. Bahasha tupu, iliyokuwa haiwezekani wakati wa Ngala, ikawezekana. Pesa zikaweza kusafiri bila salamu, bila "nyanya anaendeleaje", bila shida kutajwa. Uzi ulikuwa mfupi kuliko wakati wowote katika historia ya Pwani, na hakuna neno lililopita ndani yake.

*

Nilirudi nyumbani Mei 2016 bila kuitwa. Sikuwa jasiri, nilikuwa nimeishiwa. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani kwa sababu ya karo, na rumi wangu alikuwa amenikalisha kitako usiku kucha. "Enda nyumbani," alisema. "Mzee wako hawezi kukuua mara mbili."

Nilimkuta baba chini ya mnazi, ndiyo kwanza ameshuka, anafuta kisu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia zile 1,300. Alipofika mahali pa HELB aliacha kufuta kisu. Nilipomaliza hakusema kitu kwa muda mrefu sana. Kisha akauliza, "Ulikuwa ukila?"

Nikasema ndiyo, nilikuwa nikila.

"Basi zile nilizotuma zilifika."

Usidhani tulikumbatiana. Alikasirika siku nne. Hakunisemesha mezani, na siku ya tano alinipa kamba ya kupandia akaniambia nichague mti. Niliahirisha masomo mwaka mmoja. Nilipanda minazi, nikauza maji kwa mkokoteni Mavueni, nikalipa sehemu ya deni. Lakini katika mwaka huo alinieleza jambo ambalo mama hakuwahi kunidokezea: naye aliwahi kupata nafasi ya chuo cha ufundi Mombasa akiwa kijana, akaenda, akakaa muhula mmoja. Alishindwa na hesabu, akaona haya, akarudi akasema karo imekosekana. Hawe aliamini mpaka akafa. Miaka 30 na zaidi alikuwa ameibeba siri ileile niliyokuwa nimeibeba mimi kwa miezi mitano.

Nikaelewa kwamba sikuizua njia yangu ya kukimbia shida. Niliirithi, kama shamba. Na watafiti husema hivyohivyo kwa lugha yao: namna mtoto anavyokabili matatizo hujifunzwa nyumbani, mara nyingi bila neno lolote kusemwa. Tofauti ni kwamba shamba huwezi kuchagua kutolirithi. Hili unaweza, ila si peke yako, na si kabla ya kulitaja.

Nilirudi Kilifi 2017. Nikaanza na takwimu, na nikaanza kwa kubisha mlango wa mhadhiri. Nilipata alama ya C. Jioni hiyo nilimpigia baba, nikamwambia: C. Akauliza kama C ni nzuri. Nikamwambia ni ya katikati. Akasema, "Katikati ya mti si chini."

*

Dada yangu mdogo sasa anasoma Eldoret. Baridi inamsumbua, na anasema maziwa ya huko ni mengi kupita kiasi. Kabla hajaondoka kulikuwa na kikao, pilau, ami, mchungaji, kila kitu. Sikukipinga. Ila kilipofika kwangu sikumhusia. Nilimuuliza mbele ya wote anaogopa nini. Alinyamaza, akamtazama baba, akasema anaogopa kufeli na kurudi. Baba akakohoa. Kisha akawasimulia ami zangu wote kuhusu muhula wake mmoja Mombasa. Mchungaji aliacha kutafuna.

Mimi ndiye ninayetuma pesa nyumbani siku hizi. Wiki jana nilimtumia baba 1,000 nikiwa kazini, haraka, kati ya kikao na kikao. Dakika mbili hazikupita simu ikaita.

"Umesahau ya kutoa," alisema.

Nikaomba msamaha, nikamwambia nitaiongeza.

"Iache kwanza," akasema. "Uko mzima wewe?"

Tukaongea dakika 14.